Chezesha Mdomo Tu

"Nimeisikiliza sinema yako," mzee alisema kabla hata hajapata pa kukaa. "Sasa niambie, mwanangu umemweka wapi?"

Filbert Mgaya aliweka kikombe cha chai mezani. Aliyesimama mlangoni alikuwa Silvesta Mligo, mkulima wa viazi wa kijiji kilicho nyuma ya misheni, ng'ambo ya Njombe mjini. Zamani alikuwa mtu wa mabega mapana na maneno machache. Sasa mabega yalikuwa yameanguka, na macho yake, ingawa yalikuwa wazi, yalielekea ukutani pasipokuwa na kitu. Presha ya macho ilikuwa imeyamaliza. Alishikwa mkono na Hosiana, mke wa mwanawe, mwanamke wa makamo ambaye neno likishamfika mdomoni halirudi tumboni.

"Shikamoo, mzee wangu. Karibu, kaa kwanza."

"Marahaba. Nimekaa ndani ya basi tangu asubuhi. Nijibu."

Hosiana alimsaidia mzee kukaa, naye akabaki amesimama. Ndiye aliyeeleza. Jirani yao mmoja alikuwa ameingiza umeme, akanunua televisheni na dividii za zamani sokoni Njombe, na katika hizo ikawemo moja ya Dafroza. Dafroza alikuwa binti wa mzee Silvesta, na alikuwa na miaka kumi na miwili kaburini. Jirani akaona afanye wema, akamwita mzee.

"Walinikalisha mbele," mzee alisema. "Wakaniambia, huyu hapa Dafroza anaingia. Huyu hapa analia. Huyu hapa anacheka na mumewe. Nikasikiliza saa nzima na nusu, hakuingia. Aliingia mwanamke mwingine, wa huko pwani, anaongea kama tangazo la redio. Nikawaambia wazime."

"Kijiji kikasema baba amechanganyikiwa," Hosiana alisema. "Mimi nikasema twende tukamwulize mwenye mali. Haya bosi, tumefika."

Filbert alisukuma kikombe kando. Jibu alikuwa nalo, na alikuwa nalo siku zote, lakini hakuwahi kuliona likija kumgongea mlango na fimbo mkononi.

Watu wazima wa Makambako wanamjua Filbert. Aliishia darasa la saba. Alianza kwa kupiga picha za pasipoti stendi, akapanda kwenye video za harusi, kisha akasema mbona na sisi tusicheze sinema. Waliocheka walicheka. Baada ya miaka michache alikuwa na kampuni, Milima Baridi Filamu, yenye jengo lake mwenyewe karibu na njia panda, magari mawili na wafanyakazi kumi na tisa. Alitoa sinema thelathini na moja. Wasanii walitoka Songea na Mbeya, wakashinda kwenye benchi lake la nje wakingoja afungue mlango aseme "wewe" na "wewe". Watayarishaji wa nyanda za juu walipounda umoja wao, hawakupiga kura. Walimwambia akae kiti cha mbele, wakapiga makofi.

Na mafanikio yote hayo yalikuwa na siri moja, ambayo wenzake walimwomba awafundishe naye akawafundisha. Sinema yake ya kwanza aliipeleka Dar es Salaam kwa msambazaji mmoja wa Kariakoo. Yule bwana alitazama dakika kumi, akacheka mpaka akafuta machozi. "Msichana ni mzuri, sikatai," alisema. "Ila akifungua mdomo nasikia watu wanapakia viazi." Filbert hakubishana naye. Alimtafuta binti wa mjini aitwaye Matilda, akamweka kwenye chumba kilichopigiliwa magodoro ukutani, akamwambia aseme maneno yote ya Dafroza juu ya picha ya Dafroza. Msambazaji akanunua. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo kanuni ya Milima Baridi: uso wa Njombe, sauti ya Dar. Watu wa Tanga na Mwanza wakampenda Dafroza kwa sauti ya Matilda, na hakuna aliyeuliza.

Dafroza mwenyewe aliuliza. Alicheza sinema kumi na nne, na karibu kila moja ilipokwisha alikuja ofisini akasimama pale pale aliposimama Hosiana sasa. "Bosi, hata moja tu niseme mwenyewe. Baba hataki kunitazama sasa hivi, anasema namwaibisha kigangoni. Lakini siku akikubali, atanitafuta humo."

"Sinema ijayo," Filbert alimwambia.

Mwaka elfu mbili na kumi na mbili Dafroza akafariki kwa uzazi, yeye na mtoto. Simu yake ilikuwa ya tochi, isiyotunza sauti wala picha. Miaka michache baadaye watu wakaanza kutazama sinema kwenye simu, wakirushiana bure, na msambazaji wa Kariakoo akageuza duka lake kuwa la vitenge. Jengo la njia panda likapangishwa kwa mfanyabiashara wa mbao. Filbert alibaki na chumba kimoja, meza, na mabango ya sinema zake yaliyokuwa yameliwa na ukungu kwenye pembe. Lakini hata alipokuwa hana kitu, alikuwa na jambo moja la kusema kwenye vilabu vya ulanzi, pombe ya mianzi, na watu wakanyamaza: Dafroza Mligo nilimtengeneza mimi.

Sasa alimweleza mzee jinsi alivyomtengeneza. Alieleza vibaya, akizunguka zunguka, akitumia maneno kama soko na ubora.

"Kwa hiyo mlimbandika mdomo wa mtu," Hosiana alisema.

"Tulikuwa tunaboresha, mama."

"Mlimboresha hadi baba yake hamjui. Hongera."

Mzee aliinua mkono kumnyamazisha mkwewe. "Sikuja kugombana, na sitaki fidia. Picha zake ninazo, ziko sandukuni. Picha ni mali ya wenye macho. Mimi nimebaki na masikio tu. Sikutaka kumsikiliza alipokuwa hai, hilo ni kosa langu na nimeliungama. Wewe ulikuwa naye miaka saba na mashine za kunasa sauti. Nitafutie sauti yake. Hata maneno mawili."

"Nitaitafuta, mzee," Filbert alisema.

Alisema hivyo akijua. Kanda za kamera zilikuwa adimu miaka ile, na yeye hakuwa mtu wa kutupa. Sinema ikishaunganishwa na kuwekwa sauti ya Matilda, kanda zilizorekodiwa zilirudi kwenye boksi, zikarekodiwa tena. Alijisifu kwa hilo mbele ya watayarishaji wenzake: kanda moja, sinema nne. Na sinema zilipokufa, kanda zile zile zikaenda kunasa harusi, jubilei na vipaimara. Sauti ya Dafroza ilikuwa imefutwa na yeye mwenyewe, kwa mkono wake, na kwa ubahili aliouita akili.

Hata hivyo mtu akizama hushika hata unyasi. Kesho yake alibeba boksi la kanda mpaka Lyamkena, kwa Benno, aliyekuwa mpiga picha wake mkuu. Benno sasa alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu, lakini alikuwa ameitunza kamera ya zamani, na ilikuwa bado inasoma kanda ukiipiga kofi ubavuni.

"Umekuja kufufua wafu, Direkta?" Benno alisema alipoliona boksi.

"Mmoja tu."

Benno aliposikia habari yenyewe aliacha mzaha. Aliiunganisha kamera na televisheni ndogo, wakakaa kwenye vigoda. Kanda zilikuwa hamsini na tatu. Siku tatu walitazama maharusi wakilishana keki. Walitazama mapadri wakikata utepe, kwaya zikiyumba, mabwana waliokwisha kuachana na wake zao wakiapa. Kila kanda Filbert aliishika kwa mikono miwili kama mtu anayepokea sakramenti, na kila kanda ikaisha kwa chengachenga.

"Bosi, tuseme ukweli," Benno alisema siku ya pili. "Wewe ndiye uliyekuwa unatukata mshahara tukisahau kurudisha kanda mwanzo ili zifutwe vizuri."

"Najua."

"Nakukumbusha tu. Mimi nilikatwa mara mbili."

Siku ya tatu, kanda ya arobaini na kitu, ilikuwa kipaimara cha mwaka elfu mbili na kumi na tatu. Watoto walipakwa mafuta, askofu akabariki, wanakwaya wakatoka nje, picha ikakatika. Benno alinyosha kidole azime. Chengachenga zikapita, halafu televisheni ikawa ya kijani.

Ilikuwa Kitulo, juu ya Matamba, wakati wa maua. Dafroza alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga na sufuria, amevaa kitenge, akiigiza mke wa mtu, pumzi ikimtoka kama moshi kwa baridi. Kipaimara kilikuwa kifupi kuliko sinema, basi. Kilifuta kila kitu isipokuwa mkia.

Akainua uso. "Nimechemsha chai," alisema, "ila sukari hakuna." Akavuta pumzi.

"Kata! Kata!" Sauti ya mwanaume ikalipuka nyuma ya kamera. "Mara ngapi nakwambia? Unaongea kama unapakia viazi! Nani amekwambia useme? Matilda atasema! Wewe chezesha mdomo tu! Mdomo tu!"

Chini ya kufoka huko Dafroza alikuwa akisema kitu. Midomo ilikwenda, sauti yake ilisikika kama mtu anayeongea ng'ambo ya mto. Akatabasamu, akainama kupuliza moto, kanda ikaisha. Sekunde kumi na tisa.

Benno alipiga kamera kofi, ingawa haikuwa na kosa. "Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo."

"Huwezi kumpelekea mzee kitu kile, Direkta. Unamfokea mtoto wake kama mbuzi aliyeingia shambani."

"Toa sauti yangu."

Walijaribu kwenye kompyuta mpaka jioni. Sauti mbili zilikuwa zimeingia kwenye maiki moja. Walipoipunguza ya Filbert, ya Dafroza ilikwenda nayo. Walipoiinua ya Dafroza, Filbert alifoka mpaka mteja aliyekuja kuchukua simu yake akauliza nani anapigwa. Mwishowe Benno akasema wakate pale anapovuta pumzi. Zingebaki sekunde nne, maneno matano, safi kabisa.

"Mzee aliomba mawili," Benno alisema. "Tano si haba."

Filbert akakubali. Waliweka zote mbili kwenye flashi, ya kwanza fupi, ya pili ndefu. Hakujua kwa nini alimwambia Benno aiweke na ndefu. Pengine ni mazoea ya mtu asiyetupa kitu.

Alhamisi alipanda basi hadi Njombe, kisha pikipiki hadi kijijini. Ukungu ulikuwa haujainuka ijapokuwa ilikuwa saa nne. Mzee Silvesta alikuwa amekaa jikoni karibu na moto, amevaa koti la Jumapili. Hosiana alikuwa amempigia pasi.

"Kamwene," mzee alisema kwa Kibena, kama mtu anayepokea mgeni wa kheri.

"Kamwene, mzee."

"Umempata?"

"Nimempata kidogo. Maneno matano."

Mzee alishika kingo za kigoda kwa mikono yote miwili. Walikuwa na redio ya kuchomeka flashi, ile anayosikilizia rozari. Filbert alichomeka, akabonyeza.

*Nimechemsha chai, ila sukari hakuna.*

Mzee hakulia. Alifungua mdomo kidogo na kukaa hivyo, kichwa kimeinama upande wa redio, na uso wote ukalegea kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. "Ndiye," alisema. "Hosiana, ndiye huyu. Umesikia alivyoivuta hiyo hakuna? Mama yake alikuwa hivyo hivyo."

"Nimesikia, baba." Hosiana alijipangusa macho na ncha ya khanga, na kwa mara ya kwanza akamtazama Filbert bila ukali. "Nikuwekee chai, bosi? Sisi sukari tunayo."

Filbert akacheka. Kwa muda huo mfupi, jikoni mwa watu, alikuwa tena mtu aliyemfanyia mtu jambo. Aliweka tena, na tena, mzee akimwomba. Mara ya tano mzee aliinua kidole.

"Hapo. Rudisha."

Filbert akarudisha.

"Anavuta pumzi," mzee alisema. "Amesema sukari hakuna, akavuta pumzi. Mtu havuti pumzi ili anyamaze. Imekatwa. Alikuwa anataka kusema nini?"

"Kanda iliishia hapo, mzee."

"Kanda ikiisha inakatika yenyewe. Hii imekatwa kwa mkono. Mimi ni kipofu, bwana Filbert, siyo kiziwi."

Moto ulitoa mlio. Hosiana alishika birika hewani bila kumimina. Filbert angeweza kusema uongo wa pili. Alikwisha kuwadanganya watu wengi, sembuse mzee mmoja. Lakini kidole chake kilikuwa kwenye redio tayari, na redio ile ilikuwa na kitufe kimoja tu cha kwenda mbele, kwenye ile ndefu. Akakibonyeza.

Sekunde kumi na tisa zikapita jikoni. Sauti yake mwenyewe, ya miaka kumi na mitano iliyopita, sauti ya mtu mwenye magari mawili, iligonga mabati. *Wewe chezesha mdomo tu! Mdomo tu!*

Hosiana aliweka birika chini.

"Huyo ni wewe," mzee alisema.

"Ni mimi."

"Nisingejua. Siku hizi unaongea polepole." Mzee alisogeza kigoda. "Weka tena."

"Mzee, tuiache hiyo. Nitaifuta, ubaki na ile fupi."

"Weka tena."

Akaweka. Mara ya tatu mzee aliegemeza sikio mpaka likagusa chuma cha redio.

"Chini yako pale anasema kitu. Hosiana, njoo usikilize. Anasema nini?"

Hosiana alipiga magoti. "Namsikia bosi tu, baba. Kama 'nitamwambia' hivi. Au 'niambie'. Sijui."

"Mtoe huyu anayefoka, abaki yeye."

"Tulijaribu, mzee. Tumeshinda siku nzima tukijaribu. Zimeingia pamoja. Ukinitoa mimi, na yeye anatoka."

Mzee Silvesta alimgeuzia Filbert uso, macho yakipita juu kidogo ya kichwa chake.

"Basi wewe niambie. Ulikuwa pale, hatua mbili tatu kutoka kwake. Alisema nini mwanangu?"

Filbert alitafuta. Alitafuta kweli, kuliko alivyotafuta kwenye kanda. Alikumbuka baridi ya Kitulo. Alikumbuka gari lilivyonasa kwenye tope kabla ya Matamba, na kwamba jua lilikuwa linakaribia kuzama na walibakiwa na picha mbili. Alikumbuka bei ya sufuria. Pale palipokuwa na Dafroza, alikumbuka midomo ikienda.

"Sikumsikiliza, mzee," alisema.

"Hata kidogo?"

"Sikuwa namsikiliza. Siku ile wala nyingine."

Mzee aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayepokea bei aliyoitarajia. "Basi tupo wawili," alisema. Akanyosha mkono, akapapasa redio mpaka akakipata kitufe mwenyewe.

Hosiana alimsindikiza Filbert mpaka uani. Chai haikumiminwa.

"Angeshiba na yale matano," alisema. "Kwa nini ulikuja na yote?"

"Hata sijui, mama."

"Sasa hatalala. Atakaa na hiyo redio mpaka afe, anamtafuta Dafroza chini yako." Hakusema kwa hasira. Alikuwa amechoka tu. "Na sisi wote humu ndani tutakusikia wewe. Nenda salama."

Filbert alishuka njia ya kwenda barabarani, katikati ya viazi vilivyokuwa vimeanza kutoa maua. Ukungu ulikuwa umekaa, na katika ukungu wa kule sauti haipotei, inatembea. Alipita shamba la kwanza akasikia chai na sukari. Akangoja. *Kata! Kata! Mara ngapi nakwambia?* Alipita shamba la pili, akafika kwenye kalavati, na mzee alikuwa bado anarudisha. Kwa umbali ule Dafroza hakusikika tena. Ilisikika sauti ya mwanaume peke yake, ikimfokea mtu asiyejibu.

Pikipiki aliyoiagiza ilichelewa. Alisimama kando ya barabara, akainua kola ya koti. Mwanamke mmoja alikuwa akipita na mzigo wa majani ya ng'ombe, akasimama, akasikiliza upande wa nyumba ya mzee Silvesta.

"Nani huyo anagomba hivyo?" aliuliza.

Filbert alifungua mdomo amjibu, lakini hakuna neno lililotoka.